Gesi Isiyonuka

Mshale wa gesi ulikuwa unashuka, na lori lilikuwa limezimwa.

Binti yangu aliugonga kwa ukucha akidhani umenasa. Haukunasa. Nje, dhoruba ya vumbi ilikuwa inalitikisa lori kama mtu anayetikisa mti wa matunda. Mchanga ulipiga vioo, turubai la nyuma lilipigapiga, na upepo ulivuma hivi kwamba hata kama kitu kilikuwa kinafoka mahali, sikio la binadamu lisingekisikia. Akavuta hewa kwa pua, ndefu. Hakuna harufu. Akajiambia, basi hakuna kinachovuja.

Hapo ndipo alipokosea, na ndiyo sababu naandika haya. Nyinyi mlio na watoto wanaoendesha magari ya gesi ya taka, someni mpaka mwisho.

Lori lile haliendi kwa dizeli. Linakwenda kwa gesi ya maganda, nyanya zilizooza, majani ya kabichi na kinyesi cha ng'ombe, vitu ambavyo soko lilikuwa likivitupa mtaroni. Vinatiwa kwenye tangi lililofunikwa, vinaoza humo bila hewa, gesi inapanda, inasafishwa, kisha inashindiliwa kwenye mitungi ya chuma iliyopangwa nyuma ya kibanda cha dereva. Fundi wa mtambo ni baba mkwe wa binti yangu. Watu wote wanamwita Pua. Gesi mbichi inanuka kama mayai viza, na yeye miaka yote alikuwa anapita kati ya mabomba akinusa kama mbwa wa polisi, mara anasimama, ananyoosha kidole: "Nati hii hapa." Na inakuwa hiyo kweli. Watu walimcheka, lakini walimwamini.

Ila gesi ikishasafishwa hainuki tena. Ndiyo maana huwa wanaitia dawa ya harufu kabla ya kujaza gari. Siku ile dawa ilikuwa imeisha, na mjazaji akawaambia wasubiri iletwe.

"Tusubiri nini?" Pua akamjibu. "Dawa ya harufu ni ya wasio na pua. Mimi si nipo?"

Na binti yangu alikuwa na haraka zake. Nyumbani alikuwa ameniachia mtoto anayenyonya, na maziwa ya kukamua kwenye chupa. Alisema atarudi kabla hayajaisha.

Binti yangu akashika usukani, Pua akakaa pembeni yake. Walikwenda salama, wakashusha magunia ya mbolea inayobaki mtamboni, wakageuza. Njiani wakakuta mto umefurika na kuchukua daraja. Badala ya kurudi walikotoka wakakata kushoto, wakaingia uwanda wa chumvi, kwa kuwa walisikia kuna watu hupita huko. Lori likaruka mashimo mpaka meno yakagongana. Rejeta ikachemka, wakainywesha maji ya dumu, ikachemka tena, wakainywesha tena. Kisha mbingu ikawa nyekundu, na dhoruba ikawafikia.

Ndipo wakazima gari. Pua akahamia nyuma, chini ya turubai, anyooshe mgongo. Binti yangu akabaki mbele, akiutazama mshale.

"Mama!" Pua akamwita mkwewe kutoka nyuma. "Naweka chai! Tunywe tusubiri upepo uishe!"

Akasikia kiberiti kikitikiswa. Chakacha, chakacha.

Sijui nini kilimfungua akili. Anasema ilimjia tu sura ya yule mjazaji, mikono kiunoni, akisema subirini. Gesi hii haina dawa. Haina harufu. Akausukuma mlango dhidi ya upepo, mchanga ukamjaa mdomoni, akakimbia akishikilia ubavu wa lori mpaka nyuma, akalinyanyua turubai.

"Baba! Usiwashe!"

Pua alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko dogo la mkaa, njiti ubavuni mwa kiberiti. "Kuna nini?"

"Gesi inavuja!"

"Sisikii harufu."

"Baba, si haina dawa! Utaisikiaje?"

Mzee aliganda. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Halafu akafungua vidole, kimoja kimoja, njiti ikaanguka. Wakakata kamba za turubai, upepo ukalibeba likaruka kama shuka, na gesi yote iliyokuwa imejikusanya juu ya vichwa vyao ikaenda nalo. Kisha wakafunga koki za mitungi, kila mtungi.

Dhoruba ilipopita, jua lilirudi likiwa limekasirika. Uwanda ulikuwa mweupe pande zote, na alama za magurudumu zimefutika. Mbali sana kulionekana vilima viwili. Barabara ilipita chini yake, hilo walilijua.

"Kwa miguu?" binti yangu akauliza.

"Hatufiki. Angalia dumu."

Akalipindua. Kikombe kimoja, labda.

"Basi tuwashe twende na hiyo gesi iliyobaki."

"Na inavuja wapi? Ikiwa inavujia karibu na ekzosi, tutakuwa tumejibanika wenyewe."

Mzee alizunguka lori akiinama kwenye kila kiungo cha bomba, na kwa mazoea akawa ananusa. Alipomwona mkwewe anamtazama akajikohoza, akaweka sikio badala ya pua. Upepo uliobaki ulimzibia. Akajaribu kupaka mate; mdomo ulikuwa mkavu kama karatasi.

"Kinachotakiwa ni povu," akasema. "Sabuni ya unga ipo. Maji ndiyo hayo ya kikombe."

"Hayo hatuyagusi, baba. Tukishapaka sabuni tutakunywa nini?"

"Kuna njia nyingine, lakini..." Akajikuna kisogo. "Mtu mzima na kopo mbele ya mkwewe, hapana. Na hata ningetaka, tangu asubuhi sina kitu. Nimekauka mpaka huko."

Binti yangu alitaka kucheka, midomo ikapasuka. Alikuwa na maumivu yake ambayo hakuyasema. Matiti yalikuwa yamejaa, yamekuwa mawe, blauzi imelowa na kukauka ikawa ngumu. Kabla ya dhoruba alikuwa amejificha nyuma ya gurudumu akakamua kidogo chini ili apate nafuu, na kila tone lilipoingia kwenye chumvi alimwona mwanawe anafungua mdomo. Sasa akapatazama pale chini. Akalitazama bomba.

"Baba, nipe kopo. Halafu geuka utazame kule."

"Kule kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wewe tazama tu."

Mzee akageuka. Alikaa anatazama vilima kwa bidii kana kwamba atavisogeza. Mkwewe aliporudi, kopo lilikuwa na joto. Akatia sabuni, akakoroga kwa kidole.

Pua alichungulia, akaelewa. Akavua kofia.

"Hiki ni chakula cha mjukuu wangu."

"Mjukuu wako anamtaka mama yake. Paka, baba."

Wakafungulia mtungi kidogo tu. Kwa kitambaa walichokisokota wakapaka kiungo cha kwanza. Povu likatulia. Cha pili, likatulia. Wakaenda mtungi kwa mtungi, bomba kwa bomba, jua likiwachoma visogo, povu likipungua na kukauka kabla hawajalisoma vizuri. Kopo lilikuwa limebaki na unyevu wa chini tu binti yangu alipolala chali, akaingia chini ya kibanda, akapaka pindo moja la bomba ambalo hata halionekani mtu akiwa amesimama.

Povu likavimba. Likawa kama shavu la mtoto, likapasuka. Likavimba tena.

"Baba! Hapa!"

Nati ilikuwa imelegea kwa kurushwarushwa, na chini yake kabisa, umbali wa kiganja, lilipita bomba la ekzosi. Pua alipoliona alikaa chini. Kisha akaomba spana, akakaza, akakaza tena, na walipopaka mabaki ya mwisho povu lilitulia na kubaki limetulia.

Wakaondoka vioo vimeshushwa, mwendo wa kubembeleza, mshale umelala chini. Kila lori lilipokohoa wote wawili waliegemea mbele kana kwamba wanalisukuma. Vilima vikakua. Wakaanza kuona tuta la barabara, na juu yake kitu cha manjano kinachosogea. Hapo ndipo lori lilipokohoa mara ya mwisho.

Pua alimimina kile kikombe. "Kunywa. Unanyonyesha."

"Na wewe?"

"Mimi nitakunywa huko mbele. Kunywa nikuone."

Walitembea. Chumvi ilivunjika chini ya miguu kama ganda la yai, na mzee akaanza kuyumba, mwishowe akapiga magoti. Binti yangu akamshika kwapani, akamburuta, huku akipunga kitenge chake kwa mkono mwingine na kupiga kelele isiyotoka. Dereva wa greda aliwaona, akashuka na chupa ya maji mkononi.

"Nyinyi mmetoka wapi, kwenye unga?"

Waliponifikia, mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imebaki upepo. Maziwa ya chupa yalikuwa yameisha zamani, na kila nilichompa kwa kijiko alikitema. Mama yake alikaa pale pale mlangoni, na vumbi lake, akampa titi. Mtoto akavuta, akaachia, akalia. Hakukuwa na kitu. Nikampa binti yangu maji, nikampa uji, nikamkanda kwa kitambaa cha moto. Mtoto akavuta tena, akaachia tena. Sikuthubutu kumtazama binti yangu usoni. Pua alisimama ukumbini, uso ukutani, kofia mkononi, hakuondoka wala hakukaa. Kisha kilio kikakatika, tukasikia mtoto anameza.

Siku hizi mtamboni hakuna gari linaloondoka bila dawa ya harufu, na mzee haendi kokote bila chupa ya povu. Madereva wanamchokoza: "Mzee, pua imestaafu?" Anawajibu, "Pua naiachia mchuzi." Lakini anacheka kwa mdomo tu.

Juzi binti yangu aliondoka tena na lori lile. Kumzuia sikuweza, ndiyo kazi yake. Nilimwomba Pua chupa, nikaingia chini ya kibanda mimi mwenyewe na magoti yangu haya, nikalipaka lile pindo. Nikalitazama mpaka likakauka.

Lilitulia. Ndipo nikamwambia, haya, nenda.