Mke Mwenza wa Ukutani

Ukuta wa chumba cha Elinipa ulianza kunukia marashi kabla haujaanza kutoa maji. Yalikuwa marashi ya kike, matamu na mazito, na Elinipa hakuwa na chupa ya namna hiyo. Alinusa mashati ya mumewe, Sadoki, moja baada ya jingine, hata lile la gereji lenye grisi. Kisha akautazama ukuta uliotenganisha chumba chao na cha Namnyaki, akajipa jibu mwenyewe.

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Elinipa alikuwa amekonda. Nyumba ile ya mtaa wa Levolosi ilikuwa na vyumba sita vya kupanga, na katika wapangaji wote Namnyaki, muuza shanga, ndiye aliyemchoma roho: mrefu, mcheshi, hana mume.

Mvua za masika zilipoanza, kuta za vyumba vyote viwili zililowa. Kwa Elinipa plasta ilibabuka, ukungu mweusi ukapanda mpaka usawa wa dirisha, na binti yao Nancy akakohoa hadi akapelekwa kwa bibi yake kijijini Poli. Elinipa alimpigia mwenye nyumba, Mzee Aminiel, mara tatu.

"Shikamoo mzee. Ukuta unabomoka huku, mtoto anaumwa."

"Marahaba, binti yangu. Huo unatoka jasho tu. Fungueni madirisha."

Cha ajabu, chumba cha Namnyaki kiliponywa. Fundi alikuja, akabomoa, akapiga plasta mpya na rangi nyeupe. Namnyaki hakuficha siri. Walipokuwa wakianua nguo uani alisema, "Mama Nancy, chukua mkataba wako twende kwa mwenyekiti wa mtaa. Imeandikwa kabisa, kuta na bati ni juu ya mwenye nyumba. Mimi niliandika barua, mwenyekiti akagonga muhuri, na mzee akaleta fundi wiki hiyohiyo."

Elinipa akacheka kwa dharau. "Mzee yule haletwi na barua, dada. Sema ulimpa nini."

Namnyaki alikusanya nguo zake, akaingia ndani. Wivu, jamani, haujui kusoma mkataba.

Siku moja, saa nane mchana, Elinipa alikuwa kwenye cherehani yake aliposikia mwanamke akioga. Kopo liligonga ndoo, maji yakamwagika, kikafuata kiwimbo kidogo cha puani. Alijua ni Namnyaki anajirembesha. Akatoka mbio kwenda kumfumania, akakuta kufuli kubwa mlangoni. Mwenyewe yuko sokoni tangu asubuhi. Akarudi taratibu, na kadiri alivyousogelea ukuta ndivyo kiwimbo kilivyomkaribia, mpaka akatambua kwamba hakitoki ng'ambo ya ukuta bali ndani yake, katikati ya matofali, pale alama ya maji ilipokuwa imepata mabega, na kiuno, na nywele ndefu zilizochuruzika hadi sakafuni.

Jioni Sadoki alirudi, hakumsalimia. Aliketi kitandani, akaegemeza shavu kwenye ukungu.

"Nimechoka, ndiyo," alinong'ona. "Leo magari ya watalii yalikuwa mengi."

"Baba Nancy, unaongea na nani?"

"Nyamaza. Unamkatiza."

Elinipa alitoka nje akampigia mama yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo Aminiel alifukia chemchemi akajenga juu yake," alisema. "Wazee walimkataza. Huyo ni jini wa maji, na amempenda mumeo. Sasa sikiliza. Nitakutumia jani la isale. Lifunge fundo, mpelekee Aminiel kwa mikono miwili, umwombe auvunje ukuta na kuyafungulia maji njia. Mmeru akipokea isale hawezi kukataa ombi. Na yule wa ukutani usimwombe chochote. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Jumapili, wapangaji wakiwa ibadani na Sadoki akiwa ameitwa gereji, Elinipa alitoka na isale kwenye mkoba. Angefika kwa Mzee Aminiel ndani ya nusu saa. Lakini dirisha la Namnyaki lilikuwa wazi, akachungulia. Ukuta mweupe! Mkavu, hauna hata doa, na kitanda kimetandikwa shuka la maua. Roho ilimuuma mpaka akahisi uchungu mdomoni. Kwa nini yeye awe na jini na huyu awe na rangi mpya?

Akageuka, akarudi chumbani, akapiga magoti mbele ya ukuta.

"Nakuomba, dada," alisema, akilinyoosha jani. "Niachie mume wangu. Hamia hapo kwa Namnyaki, kuna ukuta mzuri kuliko huu."

Marashi yalijaa chumba mpaka macho yakamwasha, kiwimbo kikakoma, na kutoka kwenye plasta iliyobabuka vikatokea vidole vyembamba, vyeupe kama vya mtu aliyefua siku nzima, vikamgusa mkono, vikakaa hapo muda mrefu kuliko ulivyohitajika, halafu vikalivuta isale polepole hadi ncha yake ya kijani ikazama ndani ya tofali.

"Nimepokea," sauti ilisema.

Ukuta ulikauka hapohapo. Elinipa alipiga kigelegele peke yake.

Mchana Namnyaki alirudi kutoka kanisani, akakuta chumba chake kina maji ya kufika kifundo cha mguu. Hakulia. Alichukua sanduku lake na mkataba wake, akaenda kwa mwenyekiti, na jua halijazama alishapewa chumba kwenye nyumba nyingine ya Mzee Aminiel.

Sadoki alirudi saa kumi na moja. Alipapasa ukuta mkavu kwa viganja vyote viwili.

"Amekwenda wapi?"

"Nani, mume wangu? Kaa, nimekupikia loshoro."

Hakukaa. Alitoka akiweka sikio kwenye mlango mmoja baada ya mwingine, akafika chumba alichokihama Namnyaki, akaingia, akafunga komeo. Elinipa aligonga mpaka ngumi zikachubuka. Ndani Sadoki alicheka, kicheko ambacho mkewe hakuwa amekisikia tangu siku za uchumba.

Jumanne Mzee Aminiel alikuja na mwenyekiti kukagua vyumba. Sadoki aliwajibu akiwa nyuma ya mlango kwamba anakichukua chumba hicho kama kilivyo, maji na yote.

"Huyo ndiye mpangaji," mzee alifurahi. Akaingia kwa Elinipa, akapapasa ukuta. "Na wewe, binti yangu, bado una malalamiko?"

Mwenyekiti alishika kalamu, akingoja. Ng'ambo ya pili kopo liligonga ndoo, na sauti mbili zikaimba pamoja.

"Sina, mzee," Elinipa alisema. "Ni mkavu."

Walipoondoka, alikwenda bombani na ndoo, akaijaza pomoni. Alifunga mlango, akaumwagia ukuta wake maji yote, akayapaka kwa viganja kwenye nyufa.

"Rudi, dada," alisema. "Rudi naye."

Kisha akaenda kuchota ndoo ya pili.