Asante Niliyoibandika Bila Kusoma

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuvua sare, kula chakula nilichowekewa, na kurekodi mikono ya Bibi.

Bibi ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho anachofanyia kazi. Cherehani nyeusi iko karibu na dirisha, kando yake kopo la vifungo na rundo la suruali zilizochanika magotini, na Bibi yuko katikati, pini mdomoni. Hakutaka uso wake uonekane mtandaoni. "Watu wanataka kujifunza kuweka kiraka, si kuhesabu makunyanzi yangu," alisema. Basi nilirekodi mikono tu, nikaweka video kwenye ukurasa niliomfungulia, Kiraka cha Bibi. Wafuasi walifika elfu moja na mia nne, wengi wao wateja na majirani.

Sheria yake ilikuwa moja. "Mtu akiandika neno kwenye ukurasa wangu, mshukuru. Sitaki kusikia kwamba nina maringo."

Mwanzoni nilimjibu kila mtu. Kisha maoni yakawa mengi, nami nikawa mvivu. Nikahifadhi sentensi moja kwenye simu, "Bibi anashukuru, karibu tena," nikawa naibandika chini ya kila maoni bila kusoma. Kwa dakika tano nilimaliza maoni themanini, halafu huyoo, nikaenda kuruka kamba.

Ndipo taka zikaanza kuingia. Mmoja aligawa simu za bure, mwingine aliuza krimu ya kuondoa chunusi. Mwingine, aliyejiita Daktari Mizizi, aliandika maneno yaleyale kila siku: "Presha yangu imepona kwa siku saba! Acha vidonge, kunywa dawa hii. Bonyeza hapa." Niliyaona kwa jicho la pembeni. Sikuyafuta, kwa sababu yaliongeza hesabu ya maoni, na hesabu ikipanda nilivimba kichwa.

Macho ya Bibi hayasomi maandishi madogo ya simu. Siku moja aliniuliza, "Watu wanasemaje huko?"

"Wanakusifu, Bibi," nilimjibu, huku nikitazama katuni.

Jumamosi mchana fundi rangi, jirani yetu, aliingia bila hodi. Shati lake lilikuwa na matone ya bluu, na mkononi alishika simu. Mke wake, Mama Mapacha, ni rafiki mkubwa wa Bibi. Sikupata hata nafasi ya kumwamkia.

"Mama, nimekuheshimu miaka yote," alisema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Leo heshima imenishinda. Mke wangu yuko zahanati. Ameanguka bombani, ndoo ikamwangukia!"

Bibi alitoa pini mdomoni. "Amekuwaje?"

"Presha! Siku tisa hajameza vidonge. Namuuliza nani amekwambia uache, ananionyesha hii. Anasema Bibi anamjua huyu daktari, kila siku anamshukuru!"

"Mimi? Namjua nani?"

Fundi rangi alimsogezea simu. Bibi hakuipokea. Alinigeukia mimi.

"Soma."

"Acha vidonge, kunywa dawa hii," nilisoma. Chini yake kulikuwa na maneno yangu. "Bibi anashukuru, karibu tena."

"Mara ngapi?"

"Mara ishirini na sita," alijibu fundi rangi. "Nimehesabu."

Nilitamani anipigie makelele, lakini alisema polepole, "Uliniambia wananisifu." Kisha akachukua kitambaa, akafunika cherehani. Sijawahi kumwona akifunika cherehani mchana. "Vaa viatu. Tunakwenda zahanati, na utakachosema huko utakisema wewe."

Zahanati tulimkuta muuguzi ameshika chupa ya dawa ile aliyoinunua Mama Mapacha, amekunja uso.

"Hiki ni nini?" aliuliza, kana kwamba sisi ndio tuliopika. "Chupa haina jina la dawa, haina tarehe, haina kipimo. Presha ilikuwa imepanda vibaya sana. Wangemchelewesha kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine. Vidonge vya presha haviachwi kwa sababu mtu ameandika kitu kwenye simu! Ukiwa na wasiwasi, njoo uulize hapa. Kuuliza ni bure."

Pacha Mkubwa, ambaye tunakaa dawati moja, alisimama kati yangu na kitanda.

"Usinisogelee," alisema.

"Lakini si mimi niliyeandika tangazo, ni yule tapeli..."

"Na asante aliandika nani?"

Nilimzunguka, nikasimama karibu na kichwa cha mama yake. "Mama, Bibi hakujua chochote," nilisema. "Mimi ndiye niliyeshukuru bila kusoma. Halafu Bibi akaniuliza, nikamdanganya. Nisamehe."

Mama Mapacha aligeuzia uso ukutani. "Nimekukasirikia," alisema. "Nimejikasirikia na mimi mwenyewe, maana muuguzi yuko hapa jirani na sikumuuliza. Nenda tu nyumbani. Leo sitaki kukuona."

Njia nzima nililia kwa hasira. Tulipofika nilinyakua simu, nikamtukana Daktari Mizizi kwa matusi yote niliyoyajua. Mwongo! Mwizi! Umemwangusha mama wa watu! Kabla sijaiweka simu chini, jibu likaja: "Asante, mteja mpendwa! Tuma jina na mahali ulipo tukuletee dawa." Nikamtukana tena. Likaja jibu lilelile, neno kwa neno. Niliona aibu ikinipanda hadi masikioni. Hakuna aliyekuwa anasoma hasira yangu, kama vile mimi nilivyokuwa sisomi maneno ya watu.

"Unagombana na mashine," alisema Bibi. "Na kila ukiandika chini ya tangazo lake, unalifanya lionekane na wengi zaidi. Acha. Kuna maoni mangapi kwenye ukurasa?"

"Mia sita na kumi na mawili."

"Kesho utanisomea yote. Nikisema bakiza, yabaki. Nikisema toa, toa."

Jumapili asubuhi nilivuta kigoda, tukaanza.

"Hongera, umeshinda simu mpya."

"Nimeshinda kwenye mashindano gani? Toa!"

"Bibi, kiraka chako kimeokoa suruali ya mume wangu."

"Bakiza."

"Punguza kitambi kwa siku tatu."

"Kitambi cha nani? Kwenye ukurasa wangu? Toa huyo!"

Tulicheka mara mbili tatu, lakini kicheko hakikudumu. Katikati ya takataka hizo kulikuwa na mama mmoja aliyeandika wiki tatu nyuma. Sare pekee ya mwanawe ilichanika kwapani, na mtihani ulikuwa keshokutwa. Aliomba aelekezwe namna ya kushona. Nami nilikuwa nimemjibu, "Bibi anashukuru, karibu tena."

Bibi aligonga meza hadi vifungo vikaruka koponi. "Mtu anaomba msaada, tunamshukuru! Hata mimi ningenuna. Mwandikie sasa hivi, mwombe radhi, umweleze."

Tangazo la tapeli sikuishia kulifuta. Kila akaunti ya namna hiyo niliiripoti, kisha nikaizuia isiandike tena. Mwisho nikabadilisha mpangilio wa ukurasa, maoni yoyote yasionekane kabla sijayasoma na kuyakubali. Tulimaliza jioni, kidole gumba kimevimba na macho yananiwasha.

"Sasa nirekodi," alisema Bibi.

"Unashona nini?"

"Sishoni. Nirekodi uso."

Alijifunga kitambaa kipya, akaitazama simu kama anayemtazama mdeni sugu. "Mimi ndiye Bibi wa Kiraka. Simjui Daktari Mizizi na sijawahi kumshukuru. Jirani yangu ameacha vidonge kwa sababu ya uongo uliokaa kwenye ukurasa wangu, nusura tumpoteze. Nina hasira hadi nimefunika cherehani yangu. Kama na wewe umeacha dawa zako, nenda leo ukamwone muuguzi." Kisha akanivuta mkono niingie kwenye picha, na mimi nikasema kosa langu lote, pamoja na ile "wanakusifu".

Siku mbili baadaye nilikuta maoni mapya yakisubiri kukubaliwa. La kwanza lilitoka kwa Mama Mapacha: "Nimerudi nyumbani. Nimemeza vidonge vyangu asubuhi." La pili lilitoka kwa fundi rangi: "Bado nina hasira. Suruali yangu ya kazi imechanika, nitaileta kesho."

Bibi alifunua cherehani yake, akapuliza vumbi.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Mama Mapacha hakumwamini yule tapeli, maana hamjui. Aliniamini mimi. Wewe ndiye uliyemkopesha tapeli jina langu. Basi usiandike asante kabla hujajua unashukuru nini. Uongo ukiuona, utoe na uripoti, usiupambe kwa sababu unaongeza hesabu. Na mimi nikikuuliza, niambie ukweli hata kama ni mchungu."

"Ndiyo, Bibi."

Aliweka pini mdomoni, akaitoa tena. "Haya, watu wanasemaje huko?"

Nikavuta kigoda, nikaanza kumsomea, neno kwa neno.