Jina Ukingoni mwa Nishani

Wanaosema majini hungoja giza hawajui lolote. Hili lilikuja saa nne asubuhi, jua likiwaka, na lilianzia kwenye chai. Mama mkwe alipiga funda moja akatema kwenye kisahani.

"Nani ametia chumvi humu?"

Mke wa fundi akaonja yake. Chumvi. Fundi akafungua bomba la maji akakinga kiganja. Chumvi tupu. Papo hapo akasikia harufu ya makaa ya mawe yaliyolowa, katika nyumba isiyo na hata kipande cha mkaa. Akafunga bomba haraka, maana alijua alichokifanya juzi.

Tuseme ukweli. Fundi alikuwa mchonga maandishi: vikombe vya michezo, vibao vya milango, pete za ndoa. Mikono yake haikuwa na mpinzani, lakini aliishi kwa mama mkwe, na mama mkwe huyo kwa miaka tisa alimwita "mkwaruza vikombe". Naye bibi alikuwa na donda lake. Baba yake alifia vitani, baharia wa manowari, na wakubwa wa meli hawakuleta hata karatasi, seuze nishani. Basi alipookota kwa muuza vitu vya kale nishani ya fedha ya vita vya baharini vya zamani, aliiona ni haki yake iliyochelewa. Ila nishani za aina hiyo huchongwa ukingoni jina la aliyeipata. Hii ilikuwa na jina la baharia mwingine, na kazi yake: mtia makaa kwenye tanuri la meli.

"Lifute," mama mkwe alisema. "Weka la baba yangu. Jumapili ukoo wote unakuja."

Sasa, kila mchongaji anajua kwamba kabla tupa haijagusa maandishi ya zamani, unayafunika kwa karatasi, unasugua penseli mpaka yajitokeze, halafu unaihifadhi karatasi ile. Baba yake fundi aliwahi kumzaba kofi kwa kulisahau hilo. Lakini siku ile mama mkwe alikuwa amemsimamia begani.

"Karatasi ya nini? Unataka kuniachia ushahidi?"

Fundi akairudisha karatasi kwenye mtoto wa meza, akapiga tupa. Alipomaliza, mama mkwe alimshika mkono akamwita "mwanangu", na fundi, masikini wa Mungu, alifurahi hadi chozi likamlengalenga.

Siku ya pili ya chumvi ile, adhuhuri, beleshi lilisikika chini ya sakafu. Kwaruu. Kwaruu. Kama mtu anazoa makaa bila kupumzika. Siku ya tatu nyayo za maji zilitoka mlangoni, zikapita sebuleni mbele ya macho yao wote, moja baada ya nyingine, bila miguu, bila mtu, zikaingia chumba cha Chiriku, binti wa fundi wa miaka saba, aliyeitwa hivyo kwa kuropoka kwake, na mtoto yule ambaye hata usingizini hanyamazi akanyamaza ghafla, na walipomkimbilia walimkuta ameketi kitandani, nguo zimelowa, mikono yote miwili imetoka malengelenge ya mvuke wa moto.

"Nisomeni," alisema Chiriku. Sauti ilikuwa ya mwanamume aliyechoka.

Mganga aliletwa mchana huo huo, mama mfupi mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Alimshika mtoto mkono, akanusa, akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe nani?"

"Nilikuwa na mahali pamoja tu duniani nilipoandikwa. Muulize baba mtu."

Mganga akamgeukia fundi. "Lisome jina lake, akiitwa ataondoka. Uliandika pembeni?"

Fundi akatikisa kichwa. Alikumbuka herufi ya kwanza tu. Akajaribu jina. Lengelenge likachomoza shavuni mwa mtoto. Akajaribu la pili. Jingine likachomoza, shingoni, na mkewe akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usibahatishe tena, baba Chiriku! Unamuua!"

"Ukingoni pana jina la baba yangu," mama mkwe alinong'ona. "Si alichukue hilo?"

"Huyo maiti mwenzangu," sauti ilijibu. "Hana nyumba ya kunipa."

Mganga akavua miwani. "Mnamsikia. Anataka jina la aliye hai, litolewe kwa hiari."

Fundi akamtazama mama mkwe. Nani mwingine amtazame? Bibi yule aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko barabara akaanza kukunja mtandio wake, akaukunjua, akaukunja tena, macho chini. Mke wa fundi akasema, "Andika langu."

"Thubutu!" alisema fundi. "Mimi ndiye niliyefuta."

Akaibana nishani kwenye jiliwa la meza yake ya kazi sebuleni, mlango wa chumba cha mtoto ukiwa wazi, akapiga tupa mara ya pili, na huku beleshi likizidi mbio chini ya miguu yake, harufu ya makaa ikimkaba koo, mkewe akilia kwa kwikwi na mtoto akitokwa na maji ya chumvi puani, alilichonga jina lake mwenyewe herufi kwa herufi, pole pole, bila kukosea, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya maishani.

Beleshi likakoma. Fundi akakimbilia chumbani. Malengelenge yalikuwa yananywea, rangi imemrudia mtoto, na fundi akapiga magoti kando ya kitanda akicheka na kulia.

"Chiriku wangu!"

Mtoto akajikunyata kwa mama yake. "Mama, huyu mzee nani?"

"Mpe shikamoo, mwanangu, ni mgeni," mkewe alisema, akimtazama fundi kwa adabu. Mama mkwe naye akainuka, uso mkunjufu.

"Ahsante, fundi. Nishani imetoka vizuri sana. Tusikucheleweshe."

Fundi akamgeukia mganga, naye alikuwa akifunga mkoba wake, akijiuliza kwa sauti aliitwa huku kwa shida gani. Na kutoka chumba cha kulala, chumba chake fundi, mtu akakohoa. Akatokea mwanamume amevaa shati la fundi, mikono ya shati inachuruzika maji, vumbi jeusi limejaa masikioni. Chiriku akaruka kutoka kitandani.

"Baba!"

Mwanamume akambeba. Juu ya bega la mtoto alimtazama fundi, si kwa chuki, kwa uchovu tu wa mtu aliyefika kwake.

Mke akamsindikiza fundi mpaka mlangoni, akaushika mlango ukiwa nusu wazi.

"Samahani, kaka, tukikuhitaji tena tukuulizie kwa jina gani?"

Fundi akafungua mdomo kumjibu. Akalitafuta jina lake; hata herufi ya kwanza hakuikumbuka.