Ufito wa Kulwa

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 2 Desemba 1961, saa tisa na robo alasiri. Nina uhakika na saa kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimeitia ufunguo saa ya ukutani, baba yangu, mzee Nkwabi, alipokatiza uani kwetu Mkolani na fito mbili za kuvulia begani, rungu mkononi. Nyuma yake alikuja mjukuu wake Doto, binti wa kaka yangu, umri wa miaka sita, amekumbatia kopo la nyungunyungu.

Mama yake mtoto, Bernadeta, alikuwa ameshuka mjini asubuhi kushona sare za wanafunzi watakaoimba siku ya Uhuru, juma lililofuata. Angelala huko. Alipokuwa anatoka aliniambia, "Wifi, kesho nikirudi nimkute mwanangu kama nilivyomwacha."

Mimi nilikuwa nimemaliza Makerere mwaka huo, nangoja kupangiwa shule ya kufundisha, na nyumba nzima ilijua jinsi ninavyoogopa maji. Hata hivyo nilifunga mlango nikawafuata.

Lambo lilikuwa bondeni, chini ya mashamba ya mihogo. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe Doto alipokuwa na miaka miwili. Kabla ya hapo palikuwa na majimaji tu na matete, na ndipo alipozikwa Kulwa, pacha wa Doto, aliyeishi siku moja. Katika ukoo wetu pacha huzikwa penye unyevu, ndani ya chungu, na haliliwi. Wanasema akililiwa atajua kwamba yuko peke yake, naye atarudi kutafuta nafasi yake. Trekta lilipokuja, hakuna aliyesema habari za kile chungu. Labda walisahau. Labda walikumbuka, wakanyamaza.

Pacha anayebaki hupewa kila kitu mara mbili: vikombe viwili vya uji, magauni mawili, vipande viwili vya muhogo. Ndiyo maana fito zilikuwa mbili. Baba alichomeka ufito wa Kulwa kwenye tope, pembeni ya ule wa Doto, wenye chambo kama wa mwenzake. Samaki akinasa hapo, hurudishwa majini. Haliwi.

Jua lilikuwa kali na maji yametulia. Doto alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele wiki ile, na ulimi wake haukuchoka kuligusa lile pengo.

"Babu, Kulwa naye meno yamemng'oka?"

"Kulwa? Kulwa hakuwahi kuota hata moja. Wewe nawe unayamwaga hivyo, mtakuja kufanana."

Doto alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja.

Ng'ambo ya lambo, Chenge, mchungaji wa jirani yetu, alikuwa ananywesha ng'ombe. Alimwangalia baba kwa muda mrefu, kisha akapaza sauti. "Shikamoo, mzee Nkwabi. Naona leo tena unaziogesha nyungunyungu."

"Marahaba. Chunga ng'ombe wako, wewe."

"Nachunga, mzee. Lakini hawa angalau wanatoka na kitu tumboni."

Baba alimgeuzia mgongo. Msimu mzima hakuwa amepata samaki wa maana, na Chenge alikuwa ameshalisambaza hilo kwenye kila kilabu cha pombe.

Ndipo ufito wa Kulwa ukapinda.

Alitoka kamongo mnene kama paja la mtu mzima, mweusi, mrefu, anajizungusha kama nyoka. Chenge aliacha ng'ombe, akatazama. Baba alimburuta hadi kwenye majani makavu, akamkandamiza kwa magoti, akanyoosha mkono kuchukua rungu.

"Babu, huyo ni wa Kulwa."

"Huyu harudi."

"Ni wake, babu."

"Atamtafuna na nini? Nimekwambia hana meno."

"Baba," nilisema, "mrudishe."

Alimpiga.

Nimesoma bayolojia. Najua kamongo huvuta hewa, na najua hutoa sauti anapobanwa. Sauti niliyoisikia haikuwa ya hewa. Alikuwa mtoto mchanga analia.

Baba aliisikia. Nilimwona akisita. Kisha akatupa jicho ng'ambo, kwa Chenge, akapiga mara ya pili. Kamongo aligeuka akamuuma mkono wa kushoto. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Vidole viwili havikuwepo tena. Baba alinguruma akapiga mara ya tatu, na kichwa cha samaki kikapasuka, damu yake na damu ya baba zikachanganyika kwenye majani.

Kilio kilikoma.

Niligeuka. Doto alikuwa majini hadi magotini. Sikumwona akiingia.

"Shangazi," alinong'ona, kama mtu anayetoa siri, "ananivuta."

Nilimshika mkono. Nilimshika vizuri, kwa mikono yangu yote miwili. Chini kulikuwa na nguvu ya kitu kisichokuwa na haraka. Bega la mtoto lilitoa mlio. Kiganja chake kilikuwa na utelezi wa nyungunyungu. Kikanitoka.

Maji yakajifunga.

Baba alijitupa. Alizama, akaibuka mikono mitupu, akazama tena. Mara ya tatu aliibuka na kipande cha gauni. Rungu alikuwa ameliacha nchi kavu. Nililiona likibingirika, polepole, penye tambarare, hadi likaingia majini.

Likasimama wima mbele ya uso wake. Mkono uliolishika ulikuwa mdogo. Ulikuwa mkono wa mtoto wa miaka sita.

"Baba, toka!"

Pigo la kwanza lilimvunja taya. Hakupiga kelele. Aliutazama ule mkono, akatamka jina, nami nililisikia.

"Kulwa."

Pigo la pili. La tatu likakipasua kichwa chake, kama yeye alivyompasua samaki.

Kisha rungu likaelea kama kijiti chochote.

Chenge alizunguka lambo mbio, akaingia, akamburuta baba nje. Baba alikuwa ameshakufa. Chenge alinigeukia.

"Umeona, dada?"

"Nimeona."

"Usiseme."

Nyuma yetu maji yalichezacheza. Mtoto alikuwa anatoka, kwa miguu yake, bila kukohoa. Gauni limechanika. Mdomo ameufumba. Kwenye kifundo cha mguu wake kulikuwa na alama za vidole vitano, vidogo kama vyake. Nilimkumbatia nikamshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa wa baridi, na hakunikumbatia.

Majirani walikuja wakakesha na maiti ya baba. Tuliwaambia ameteleza, akaangukia mawe. Hawakuuliza ni mawe gani. Mtoto alilala karibu yangu, macho wazi, mdomo umefumbwa. Hakusema neno hadi kulipokucha.

Jumapili asubuhi, kabla Bernadeta hajafika, nilikoroga uji. Nikamimina vikombe viwili, kama siku zote, nikaviweka mbele yake. Alivuta kimoja. Kingine akakisukuma kwangu.

"Hiki ni cha Doto," alisema.

Akanitabasamia. Meno ya mbele yalikuwepo yote, madogo, meupe, hayajawahi kutafuna kitu.

Nilikichukua kile kikombe, nikashuka nacho bondeni peke yangu. Ufito mmoja ulikuwa bado umesimama kwenye tope. Nilikiweka kikombe chini yake. Kilio kilinipanda, nikauma kitambaa cha kichwani hadi nikaonja damu.

Sikulia. Pacha haliliwi.