Darubini Iliyotazama Kawangware

Walijuana soko la Toi, siku Aketch alipogombania pazia jeusi na kijana asiyemjua, kila mmoja akivuta upande wake.

"Siste, niachie. Nataka kufunikia kamera."

"Na mimi nataka kufunika wateja nikiwasuka. Wewe ndiye nani?"

Kijana huyo, Mutuku, alicheka, akaachia. Mapenzi yakaanzia hapo, kwenye vumbi la mitumba.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mpenzi wa zamani wa Aketch alikuwa akituma watu wamchunguze, na Aketch alipomwacha aliapa kwamba hakuna mwanamume atakayemchunga tena. Basi rafiki yake Caren alipompigia simu, moyo ulimlipuka.

"Aki Aketch, mtu wako ako juu ya fleti huku kwetu Soweto East. Ako na darubini mbili, zote zinaangalia huko kwenu Kawangware, stage ya 46!"

Alifika mbio na aproni ya saluni, vipande vya nywele vimemganda begani. Mutuku alikuwa ameinama, jicho kwenye darubini.

"Unanichunga, sindio?"

"Babe, zii! Nachagua ya kupiga picha za galaksi nikienda Kitui, huko giza ni poa. Muuzaji amenipa zote mbili nijaribu, kesho narudisha moja. Bati jipya la saluni yako ndilo linang'aa kushinda yote, nalitumia kupima lenzi. Cheki."

Alichungulia kwa hasira. Katika ile ndefu, ukingo wa bati ulikuwa na uzi wa zambarau. Katika ile fupi, ukingo ulikuwa safi.

"Hiyo zambarau ni kasoro ya lenzi, ingezunguka kila nyota," Mutuku alisema. "Picha yote ingeharibika."

Aketch alitamani sana kumwamini. Kisha akauona mlango wa saluni yake, na mteja akijipepea kwa gazeti.

"Na mlango? Nao unang'aa?"

"Jana nilikuona ukicheka na jamaa wa shati nyekundu. Sijalala."

"Kwa hivyo ulinichunga."

"Nilikuchunga. Niliona wivu, Aketch. Nisamehe."

Hasira ilimtoa Aketch machozi. Hata hivyo yule wa zamani alikana mpaka mwisho, na huyu amekiri mara tu alipoulizwa. Bado alimpenda, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Chukua hiyo fupi," alisema, akijipangusa kwa aproni. "Na yule ni Dalmas, brathe wangu. Ukitaka kujua mambo yangu, uliza. Njoo Jumapili umuulize yeye pia. Na usikuje peke yako, kuja na wazee wenu."

Mutuku aliketi palepale kwenye saruji, akatoa simu ampigie baba yake habari ya posa.