Lugha ya Mama Eunsol

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nhan na mama mkwe wake, Bi Malsun, walikaa ghalani wakikata mizizi ya vitunguu saumu. Eunsol, binti wa Nhan, alikaa juu ya gunia. Alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu, na hakuwa amewahi kutamka neno hata moja.

"Eunsol," Nhan aliita kwa Kikorea chake cha kuokoteza. "Wewe... njaa?"

Mtoto alimtazama tu.

Nhan alitoka Vietnam, akaolewa katika kijiji hiki cha Korea. Eunsol alipokuwa mchanga, Nhan alimwimbia kwa Kivietnam. Bi Malsun akaja juu.

"Mama Eunsol! Lugha ya kwenu iache huko huko kwenu. Utamvuruga mtoto kichwa. Shuleni watamcheka!"

Tangu hapo Nhan alifunga mdomo. Kikorea hakukijua vizuri, na Kivietnam alikatazwa. Alimwogesha mwanawe kimya. Alimlisha kimya.

Majira ya baridi yaliyopita, mama yake Nhan alifariki kule Vietnam. Mjukuu alimwona kwenye simu tu. "Mbona haniiti bibi?" mama huyo alimuuliza Nhan kila mara.

Baada ya mavuno ya vitunguu saumu, Eunsol alianza kulia na kukataa uji. Bi Malsun alidhani ni tumbo, akamkanda tumbo. Mtoto alizidi kulia. Asubuhi moja Nhan aliona usaha kwenye mto wa kulalia wa mtoto. Mumewe, Sangchol, akawapakia garini, wakaenda hospitali.

Daktari alimpima masikio yote mawili.

"Hili lina maambukizi, na ngoma yake imetoboka. Hakusema linauma?"

Sangchol aliinamisha kichwa. "Hajui kusema, daktari."

"Hili jingine linasikia vizuri. Lakini hili lililoumia, sidhani litasikia tena kama zamani."

Nhan alielewa maneno machache tu. Uso wa mumewe ulimweleza yaliyobaki.

Waliporudi, jirani yao Bi Chunhwa alikuja na bakuli la uji. Alikuwa Mkorea aliyezaliwa na kukulia Uchina.

"Pole, Mama Eunsol," alisema. "Kwani wewe huzungumza na mtoto kwa lugha gani?"

Bi Malsun ndiye aliyejibu. "Kikorea. Lugha mbili zitamchanganya."

"Kwani mimi nimechanganyikiwa, dada?" Bi Chunhwa aliuliza. "Kule kwetu tulisema Kikorea nyumbani na Kichina shuleni. Jirani zetu Wamongolia walisema Kimongolia na Kichina. Bara letu limejaa watu wa namna hiyo. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Mama yake amsemeshe kwa lugha anayoijua vizuri. Wewe na baba yake msemesheni Kikorea. Kinachomdhuru ni huu ukimya; hata sikio lilipomuuma hakuweza kusema. Na mpelekeni kwa mtaalamu wa usemi. Mtoto akichelewa kusema, msikae mkisubiri."

"Kwa hiyo sikio nimeliharibu mimi?" Bi Malsun alifoka.

"Sijasema hivyo."

"Mama, basi," Sangchol alisema kwa sauti ndogo. "Tulimziba mdomo mama yake, na mtoto naye akazibika."

Bi Malsun aliinuka, akatoka nje. Hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Kesho yake Nhan alimwogesha Eunsol. Alifungua kinywa, lakini maneno hayakutoka. Alikuwa amezoea kunyamaza. Kisha alisema kwa Kivietnam, "Haya ni maji. Huu ni mkono wako." Akalia huku akiendelea kusema. Mtoto aliacha kuchezea maji, akamkodolea macho.

Walimpeleka Eunsol kwa mtaalamu mjini kila wiki. Miezi ilipita bila neno. Bi Malsun aliguna, lakini hakukataza tena. Vuli ilipoingia, Eunsol alinyoosha kikombe na kusema "maji" kwa Kivietnam. Baada ya siku chache alimwita Bi Malsun "bibi" kwa Kikorea.

Sikio lake halikupona kabisa. Na yule bibi wa Vietnam hakuisikia sauti ya mjukuu wake.

Siku moja Bi Malsun alikuwa akipakua wali. Alimuuliza Nhan bila kumtazama, "Kwenu mnasemaje, 'njoo ule'?"

Nhan alimwambia. Bi Malsun alijaribu kutamka, lakini ulimi ukamteleza.

"Sivyo, bibi," Eunsol alisema kwa Kikorea. Akayatamka yale maneno ya Kivietnam vizuri, polepole, ili bibi yake amfuate.