Chupa Isiyogeuka Nyeusi

Perez alikuwa mfinyanzi. Nyumba yake ilikuwa karibu na soko la Pap Onditi, huko Nyakach. Asubuhi, baada ya kufungulia kuku, aliketi nyuma ya nyumba akaponda udongo. Aliupandisha kwa mkono, kipande juu ya kipande, mpaka mtungi wa maji ukasimama. Mume wake, Dishon, alitengeneza baiskeli kando ya barabara. Majirani waliwatania kwamba nyumba hiyo haiwezi kulala njaa: bwana anaziba matundu ya tyubu za watu, bibi anauza vitu visivyo na tundu.

Mwaka wa 1996 chuo kikuu kimoja kilileta wanafunzi Nyakach. Kila mwanafunzi alikaa na familia moja kwa muhula mzima. Kazi yake ilikuwa kutafuta, pamoja na wenyeji, njia ya kuondoa shida moja ya pale. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya masomo yake. Perez na Dishon walimpokea Nabwire, msichana wa Busia aliyesomea afya ya jamii.

Shida ya pale ilijulikana. Watoto waliharisha mara kwa mara. Lakini kijiji kilikuwa na kisima cha pampu, na maji yake yalikuwa maangavu. Basi kwa nini watoto waliugua?

Nabwire alikuja na chupa ndogo kutoka chuoni. Kila chupa ilikuwa na kipande cha karatasi chenye dawa. Unatia maji, unafunga kifuniko, unaiacha mahali penye joto. Maji yenye vidudu vya kinyesi hugeuka meusi. Maji safi hayageuki. Alipima maji ya pampu. Kisha alipima maji ya mitungi katika nyumba za watu.

Maji ya pampu hayakubadilika. Maji ya mitungi yaligeuka meusi. Chupa moja tu ya mtungi haikugeuka, ile iliyotoka nyumbani kwa Perez. Nabwire aliona kwamba huenda karatasi yake ilikuwa mbovu, akaiweka kando.

Kwenye baraza la naibu wa chifu, alisimama akawaeleza watu alichokiona. Akawashauri waache mitungi ya udongo na kuweka maji ya kunywa katika jerikeni za plastiki.

Siku ya soko iliyofuata, Perez alipanga mitungi yake mahali pake pa kawaida. Watu walimsalimu, wakapita. Mwanamke mmoja alimuuliza kwa kicheko kama leo anauza maji au ugonjwa. Jioni Perez alirudi na mitungi yote aliyokwenda nayo. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Kama watu wangeacha kununua, angefanya nini?

Hakumgombeza mgeni wake. Wakati wa chakula alimmiminia maji kutoka kwenye jerikeni iliyoshinda juani.

"Kunywa, nyathina," alisema, kama mama anavyomwita mtoto wake. "Ni ya moto kama chai, lakini si umesema ndiyo safi?"

Dishon aliuliza kama sukari inahitajika. Nabwire alicheka kidogo, akayanywa. Yalikuwa ya moto kweli. Kisha akatazama mtungi mdogo wa Perez uliokuwa kwenye rafu. Anyango, binti wa nyumba, aliuinamisha akamimina maji katika kikombe.

"Mama," Nabwire aliuliza, "kwa nini hapa hamchoti kwa kata?"

"Kata inagonga mdomo wa mtungi, mdomo unabanduka," Perez alijibu. "Mimi ninajua jasho la kutengeneza huo mdomo. Hapa kwangu ni kumimina tu."

"Na kwa watu wengine?"

"Wengine wananunua mitungi mikubwa. Huwezi kuinua. Unaingiza kata."

"Na mkono?"

"Na mkono, mpaka kiwiko."

Nabwire aliinuka akaileta ile chupa aliyoiweka kando. Udongo ulikuwa uleule. Maji yalitoka pampu ileile. Tofauti ilikuwa moja tu: hakuna mkono ulioingia. Hata hivyo, hakutaka kukosea tena. Alimwomba Perez mitungi miwili mipya. Waliisafisha, wakaijaza maji ya pampu. Mmoja ulifunikwa, maji yakamiminwa. Katika ule mwingine watu wote wa nyumbani walichota kwa kata kama ilivyo kawaida. Alipima pia jerikeni ya jirani yao, Dorca. Baada ya baraza, Dorca alikuwa ameikata jerikeni yake juu ili kikombe kiingie vizuri.

Maji ya mtungi uliofunikwa hayakubadilika. Ya mtungi wa kata yaligeuka meusi. Ya jerikeni ya Dorca yaligeuka meusi pia.

"Basi si udongo," alisema Dishon.

"Si udongo wala plastiki," Nabwire alisema. "Ni mkono. Mtu anatoka chooni au anambadilisha mtoto nepi, hanawi kwa sabuni, kisha anachota maji. Vidudu vinaingia na mkono. Niliyoyasema barazani hayakuwa sahihi, Baba. Nitarudi kuyasahihisha."

"Ukirudi na maneno tu, watasema leo umebadilika, kesho utabadilika tena," Perez alisema. "Rudi na mtungi."

Wakaanza kufikiri pamoja. Ulitakiwa mtungi mkubwa ambao mkono hauwezi kuingia, na ambao hauhitaji kuinamishwa. Nabwire alipendekeza mdomo mwembamba, kifuniko, na mfereji mdogo wa plastiki wa kufungulia maji karibu na kitako. Alileta mfereji kutoka Kisumu. Perez alikata tundu udongo ukiwa bado mbichi, akalipanua kupita kipimo cha mfereji, kwa kuwa udongo hunywea ukikauka na ukichomwa. Dishon alimtazama.

"Miaka yote hii ninaziba matundu," alisema. "Leo mke wangu anayatoboa."

Mtungi wa kwanza ulivuja. Perez alimgeukia mume wake. Dishon alikata pete mbili za raba kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, akazibana pande zote mbili za tundu. Maji yakaacha kuvuja.

Barazani Nabwire alisema wazi kwamba alikuwa amekosea, akaonyesha chupa zote, pamoja na ile isiyogeuka. Perez alieleza habari za mtungi. Mzee mmoja aliuliza utaoshwaje kama mkono hauingii. Perez alijibu kwamba ukiisha maji unatia maji kidogo ya sabuni na changarawe safi, unautikisa, unamwaga, kisha unausuuza. Nabwire aliongeza kwamba jerikeni isiyokatwa inafaa pia. Lakini mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho hilo hupoza maji. Na kwa chombo chochote kile, kunawa mikono kwa sabuni ni lazima.

Dorca ndiye aliyeagiza mtungi wa kwanza. Wengine walifuata. Kabla Nabwire hajaondoka, akina mama wengi walikuwa wamesema kwamba watoto wao hawaharishi kama zamani.

Mwaka uliofuata wanafunzi wapya walifika. Mhadhiri wao aliwaleta kwanza kwa Perez, wajifunze kabla ya kupima chochote. Perez alifungua mfereji akampa kila mmoja maji baridi.

"Karibuni," aliwaambia. "Pimeni mnachotaka. Lakini mkipata chupa moja inayobisha zile nyingine, msiitupe. Ulizeni imetoka nyumba gani."